Fikop, Afriko, Apika: Sheria za Silabi Katika Lugha za Kuundwa na Fundisho Lake kwa Waunda Istilahi

Mtu anayeunda istilahi moja na mtu anayeunda lugha nzima wanafanya kazi za jamaa moja. Wote wawili huulizwa swali lile lile: neno geni likibisha hodi, liingie kwa umbo gani? Tofauti yao ni kwamba muunda lugha huanzia kwenye uwanja mtupu, akaweka sheria apendavyo, ilhali muunda istilahi hukuta nyumba imekwisha kujengwa na wenyewe wamo ndani. Kwa sababu hiyo lugha za kuundwa zinastahili kuchunguzwa katika kurasa hizi. Ndani yake tunaona sheria ikiwekwa, ikitumiwa, na kuzaa matokeo yake, bila ya kuchanganyika na mazoea ya karne nyingi.

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki lugha tatu za namna hiyo kwa upande mmoja tu, yaani muundo wa silabi na sheria za sauti. Lugha zenyewe ni Volapük ya mwaka 1879, Kiesperanto cha mwaka 1887, na Toki Pona ya mwaka 2001. Ili mizani iwe moja, nimechukua neno moja tulijualo sote, nalo ni Afrika, nikalifuata katika kila lugha. Katika Volapük ya awali bara letu ni Fikop. Katika Kiesperanto ni Afriko. Katika Toki Pona ni Apika. Maumbo haya matatu ni hukumu tatu juu ya suala moja, na kila moja ina gharama yake.

Sehemu nne za sheria ya sauti

Sheria ya sauti iliyokamilika ina sehemu nne. Ya kwanza ni orodha ya sauti zinazokubaliwa. Ya pili ni umbo la silabi: je, silabi iishie irabu tu, au hata konsonanti? Je, konsonanti mbili au tatu zaweza kutangulia irabu? Ya tatu ni mifuatano iliyokatazwa hata kama umbo lenyewe linairuhusu. Ya nne ni sheria ya marekebisho, yaani maelekezo ya nini kifanywe neno la nje linapovunja zile tatu za mwanzo: kipi kikatwe, kipi kiongezwe, kipi kigeuzwe, na lipi lianze.

Waandishi wengi wa lugha za kuundwa huwa hodari katika sehemu tatu za mwanzo. Huchora jedwali safi la konsonanti na irabu, wakatoa kanuni ya silabi kwa mstari mmoja. Sehemu ya nne huiacha iende kwa bahati. Hoja ya makala haya ni kwamba sehemu hiyo ya nne ndiyo kipimo cha kweli cha sheria nzima. Maneno ya nyumbani hutii jedwali kwa kuwa yalitungwa kulitii. Neno geni ndilo linaloonyesha kama mtunga sheria alijua anachokilinda.

Volapük: sheria iliyomla mgeni

Volapük ni kazi ya Johann Martin Schleyer, padri wa Kikatoliki huko Baden, Ujerumani. Katika miaka ya 1880 lugha hii ilienea upesi Ulaya, na mikutano yake mikuu ilifanyika mwaka 1884, 1887 na 1889, ule wa mwisho ukiwa Paris.

Ni kosa kudhani kwamba Schleyer alikata maneno kwa upofu. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni ya kisarufi. Mizizi yake mingi ni ya silabi moja, inayoanza kwa konsonanti na kuishia konsonanti, kwa kuwa nyakati za vitenzi huonyeshwa kwa irabu zinazotangulia mzizi, na uhusiano wa nomino huonyeshwa kwa irabu zinazoufuata. Pükob ni “nasema”, äpükob ni “nilisema”, opükob ni “nitasema”. Jina la lugha yenyewe limejengwa hivyo: vol ni dunia, pük ni usemi, na a iliyo katikati ni kiunganishi chenye maana ya “ya”. Msomaji wa Kiswahili ataielewa hekima hii upesi, maana mizizi mingi ya vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu nayo huishia konsonanti, kama -som- na -pend-, ikingoja irabu ya kuifungia. Schleyer alikataza vilevile mzizi kuishia s na sauti za jamaa yake, kwa kuwa s ndiyo alama ya wingi. Kwa upande wa sarufi, basi, sheria yake ina mpango.

Matatizo yalianza alipoigeuza sheria hiyo kuwa panga. Aliiondoa sauti r karibu kabisa, akitoa sababu kwamba Wachina wangeshindwa kuitamka. Waridi, ambalo katika lugha nyingi za Ulaya linafanana na rosa, likawa lol. Mlima, kutoka Kijerumani Berg, ukawa bel. Amerika ikawa Melop. Na Afrika ilipofika mlangoni, irabu ya mwanzo ilikatwa kwa sababu mzizi hauna budi kuanza kwa konsonanti, r ikatupwa, na mwishoni kikatiwa kiambishi -op ambacho ni alama ya mabara. Likatoka neno Fikop. Sheria imetiiwa herufi kwa herufi, lakini Mwafrika akilisikia neno hilo hajui kwamba ndiye anayetajwa.

Kuna dosari ya pili ambayo ni kubwa zaidi kwa mhakiki, maana inapingana na nia ya mtungaji mwenyewe. Kama ni Mchina aliyehurumiwa, mbona kuna maneno kama flen, yaani rafiki, na blod, yaani ndugu wa kiume? Kichina cha leo hakina silabi zinazoanza kwa fl wala bl. Mzigo aliopunguziwa mgeni huyo kwa kuondolewa r amerudishiwa kwa njia nyingine. Hapa tunajifunza kwamba huruma inayotazama orodha ya sauti bila ya kutazama umbo la silabi ni huruma ya nusu njia. Mwaka 1931 Mholanzi Arie de Jong alipoitengeneza upya Volapük, aliirudisha r, lakini kwa wakati huo wengi wa wafuasi wa lugha hiyo walikuwa wamekwisha kutawanyika kwa sababu nyingine, hasa ugomvi juu ya nani ana mamlaka ya kuirekebisha.

Kiesperanto: mlango usio na bawabu

L. L. Zamenhof alizaliwa mwaka 1859 Białystok, mji uliokuwa na wasemaji wa Kiyidishi, Kipolandi, Kirusi na Kijerumani. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Warsaw mwaka 1887. Kanuni zake 16 za sarufi zinasema kila neno lisomwe kama lilivyoandikwa, na mkazo uwe kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo katika Kiswahili. Kanuni ya 15 inasema kwamba maneno ambayo lugha nyingi zimeyachukua kutoka chimbuko moja yaingie bila ya kubadilishwa, isipokuwa yafuate tahajia ya Kiesperanto. Kwa kanuni hiyo Afrika ikawa Afriko: o ya nomino imewekwa mwishoni, na sura ya neno imebaki. Kila mtu analitambua.

Lakini tukitafuta katika kanuni hizo 16 ni silabi ya namna gani inayokubaliwa, hatupati hata moja. Sheria ya silabi haikuandikwa. Iliachwa katika masikio ya mwandishi na wasomaji wake wa Ulaya ya Mashariki, ambao konsonanti tatu zikiandamana haziwashtui. Matokeo ni maneno kama scienco, sayansi, ambalo huanza kwa s ikifuatwa na c inayotamkwa ts. Na ekscii, kupata kujua, ambamo k, s na ts zinasukumana bila ya irabu kati yao. Hata jina la lugha yetu limepatwa na jambo hilo. Kwa kuwa alfabeti ya Kiesperanto haina w, Kiswahili huitwa la svahila, nasi tumepewa sv ambayo silabi zetu hazina.

Inafaa tuone kwa undani mahali ambapo uzito huu unaangukia. Nomino zote za Kiesperanto huishia o na vivumishi vyote huishia a, basi konsonanti zinazorundikana mwishoni mwa mzizi hupata irabu ya kuzipokea. Monstro, zimwi, lina n, s, t na r, lakini o huja mwishoni ikazibeba. Mwanzoni mwa neno hakuna msaidizi wa namna hiyo. Kwa hiyo sarufi ya Kiesperanto imetibu nusu ya ugonjwa bila ya kukusudia, na nusu ya pili imebaki.

Mtu aweza kujibu kwamba Kiesperanto ndicho kilichofaulu kuliko lugha zote za kuundwa, na ushahidi hauko mbali: mwaka 2024 mkutano wake mkuu wa dunia wa 109 ulifanyika Arusha, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Basi sheria ya silabi ina haja gani? Jibu ni kwamba watumiaji wenyewe wameendelea kuiandika sheria ambayo mwasisi hakuiandika. Sauti ĥ, inayofanana na kh ya Kiarabu, ilikuwa katika maneno mengi ya kitaalamu ya mwanzo. Kadiri miaka ilivyopita, ĥemio likawa kemio, na meĥaniko likawa mekaniko. Sisi nasi tuliyaona hayo nyumbani, pale khabari na khatari zilipokuwa habari na hatari. Watu hurekebisha, lakini huhitaji miongo mingi. Jumuiya ya wapenzi wa lugha yaweza kungoja; kitabu cha kemia cha kidato cha kwanza hakiwezi.

Toki Pona: sheria kamili na bei yake

Toki Pona ilitangazwa mwaka 2001 na Sonja Lang wa Kanada, na kitabu chake rasmi kilitoka mwaka 2014. Ni lugha ya makusudi madogo, yenye maneno kama 120. Sauti zake ni 14: irabu tano kama zetu, na konsonanti tisa, p, t, k, s, m, n, l, j na w, ambapo j hutamkwa kama y yetu. Silabi ni konsonanti moja na irabu moja, na yaweza kufungwa kwa n tu. Irabu yaweza kusimama bila ya konsonanti mwanzoni mwa neno pekee. Mifuatano ji, ti, wo na wu imekatazwa. Hapa sehemu tatu za kwanza za sheria zimetimia, na msemaji wa Kiswahili atazitamka zote bila ya jasho.

Sehemu ya nne nayo ipo. Sauti isiyokuwamo hubadilishwa kwa jirani yake wa karibu: g huwa k, d huwa t, f huwa p. Konsonanti zinazofuatana hutenganishwa au moja huachwa. Uganda huwa Ukanta. Tanzania huwa Tansanija. Mali na Malawi hupita bila ya kuguswa. Neno la Kipijini cha Papua Guinea Mpya, grup, liliingia kama kulupu, na irabu u ikarudiwa ili kuzitenga g na r. Afrika, baada ya f kuwa p na r kuachwa, ikawa Apika.

Bei yake ni mgongano. Sauti zikiwa chache, majina mengi huangukia shimo moja. Bara, Para na Fara yakipita katika sheria hii yote yatatoka Pala. Lakini mtungaji alikuwa na dawa, nayo ndiyo fundisho kubwa la lugha hii kwa kazi yetu. Jina la kigeni halitembei peke yake. Hutanguliwa na nomino ya lugha yenyewe inayotaja aina ya kitu: ma, nchi au ardhi, jan, mtu, toki, lugha. Husemwi Apika, husemwa ma Apika. Msikilizaji akiisikia ma, amekwisha jua kwamba linalofuata ni jina la mahali, na nusu ya utata imeondoka kabla jina lenyewe halijatamkwa.

Mifupa ya neno

Kabla ya kuleta fundisho hili nyumbani, yafaa kumtaja shahidi mmoja wa pembeni. J. R. R. Tolkien, aliyefariki mwaka 1973, aliunda lugha kwa ajili ya hadithi zake, na mojawapo, Quenya, karibu haikubali konsonanti mbili mwanzoni mwa neno, na neno lake huishia irabu au mojawapo ya konsonanti chache. Katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1994, alieleza jinsi Quenya ilivyoazima majina kutoka lugha nyingine ya kubuni, nzito zaidi. Tulukhastāz likawa Tulkas, na Mānawenūz likawa Manwë. Msomaji atazame kilichobaki: t, l, k, s katika la kwanza, m, n, w katika la pili. Irabu zimekatwa, miisho imetupwa, lakini konsonanti kuu za neno zimesimama kwa utaratibu wake tangu mwanzo. Hiyo ndiyo mifupa ya neno. Nyama ikipungua mtu bado hutambulika. Mifupa ikiondolewa, kama ilivyokuwa kwa lol, hatutambui tena.

Kiswahili kiliijua kanuni hii zamani, nacho huitimiza kwa kuongeza irabu badala ya kukata. Kiarabu kilileta hukm, rizq na waqt; sisi tukapata hukumu, riziki na wakati. Hakuna konsonanti iliyopotea. Maneno ya Kiingereza nayo yamefuata njia yenye utaratibu: konsonanti ya mwisho ikiwa ni ya midomo, irabu iongezwayo mara nyingi ni u, kama timu, pampu, filamu, ikiwa si ya midomo, mara nyingi ni i, kama benki, tiketi, shati. Mwanzoni mwa neno tumekubali s ikifuatwa na konsonanti, kama stempu na springi, ijapokuwa neno kilabu na mwenzake klabu yanaonyesha kwamba mahali pengine bado tunasitasita. Sehemu ya nne ya sheria, basi, tunayo. Iko katika vinywa vya watu. Kilichopungua ni kuiandika na kuipanga.

Fundisho kwa waunda istilahi

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na kuanzia miaka ya 1970 lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyowapa watafsiri na watumishi wa serikali maelfu ya istilahi. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini kila fani ilipokaa peke yake na kutohoa maneno yake, tofauti hazikukosa kujitokeza. Mwanafunzi hukutana na hidrojeni katika kitabu kimoja na haidrojeni katika kingine. Umbo la kwanza limetoholewa kwa jicho, kutoka maandishi. La pili kwa sikio, kutoka matamshi ya Kiingereza. Kila moja lina hoja yake, na silabi za Kiswahili zinayakubali yote mawili. Ubaya haumo katika umbo hili wala lile. Umo katika kukosa kanuni iliyochagua, hata mwanafunzi akaadhibiwa kwa kuandika hili mbele ya msahihishaji azoeaye lile.

Kutokana na uhakiki huu napendekeza mambo manne. La kwanza, kila jopo la istilahi liamue na kuandika kama linatohoa kwa jicho au kwa sikio, na lisibadilishe njia katikati ya orodha; tukisema hidrojeni, tusiandike haidrokaboni ukurasa wa pili. La pili, liwekwe daraja la mambo ya kulindwa. Kwa maoni yangu mifupa ya neno itangulie, wepesi wa kutamka ufuate, na ufupi uwe wa mwisho. Schleyer aliutanguliza ufupi, nasi tumeona Fikop. La tatu, kanuni ijaribiwe kwa maneno magumu kabla ya kupitishwa. Kaboni na nailoni hazijaribu kitu. Ijaribiwe kwa maneno yanayoanza kwa str, skr na spl, na yale yaishiayo konsonanti tatu. Kanuni inayoshindwa hapo itavunjwa na mtafsiri wa kwanza atakayeitumia, tena atakuwa na haki ya kuivunja.

La nne ni lile la Toki Pona: neno geni lipewe mwenyeji wa kulitanguliza. Tuandike gesi ya hidrojeni, ugonjwa wa malaria, metali ya kobalti, walau mara ya kwanza neno linapotokea katika kitabu. Kiswahili hufanya hivyo kwa tabia yake, na ngeli ya nomino ya kwanza huondoa mashaka ya upatanisho yanayowasumbua watafsiri: hawataulizana kama ni kobalti hii au kobalti hili, kwa sababu metali imekwisha kujibu.

Pengine wapo watakaosema kwamba lugha haiundwi na majopo, huundwa na wasemaji, na kwamba tuwaachie. Kiesperanto kimetuonyesha kwamba wasemaji kweli hurekebisha, na Volapük imetuonyesha kwamba sheria isiyowasikiliza hufa. Lakini kati ya kunyamaza kwa Zamenhof na panga la Schleyer ipo njia ya tatu: kusikiliza wasemaji wanavyorekebisha, kisha kuiandika kanuni yao ili mwalimu wa Mtwara na mfasiri wa Mombasa waifuate sawasawa. Wasemaji wamekwisha kutupa hukumu, riziki, timu na benki. Yaliyobaki ni kazi ya ofisini.